LINDA MACHO YAKO SHAMBANI

Ndugu msomaji, jembe likivunjika utanunua jingine. Jicho likipofuka halina duka.

Kazi za shamba zina hatari nyingi kwa macho. Wakati wa kuvuna mahindi, jani kavu huweza kukukwaruza jichoni. Wakati wa kupura mpunga, makapi huruka. Ukilima penye mawe, kibanzi huweza kukurukia. Ukinyunyizia dawa ya wadudu huku ukielekea upepo, dawa itakurudia usoni.

Jicho huumiaje?

Mbele ya mboni kuna ngozi angavu kama kioo. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Mwanga hupita hapo ndipo tuone. Jani likiikwaruza ngozi hiyo, vijidudu na kuvu kutoka kwenye majani na udongo hupata njia ya kuingia. Baada ya siku chache jicho huwa jekundu, huuma, hutoa machozi na tongotongo, na huogopa mwanga. Hicho ni kidonda cha jicho. Kikipona huacha kovu jeupe, yaani chamba. Kovu hilo huzuia mwanga. Kidonda kikizidi huweza kulitoboa jicho.

Mambo ya kuepuka

1. Usisugue jicho.
2. Usitoe kibanzi kwa unyasi, mwiba wala ulimi.
3. Usitie jichoni maji ya majani, mkojo wala maziwa ya mama. Vitu hivyo huweza kuongeza vijidudu.
4. Usitumie dawa ya macho ya jirani. Zipo dawa zinazopunguza wekundu, huku kidonda kikiendelea kulila jicho.

Mambo ya kufanya

1. Vumbi likiingia, osha jicho kwa maji safi.
2. Jani likikukwaruza, nenda zahanati siku hiyohiyo, hata kama maumivu ni madogo. Dawa ya kuua vijidudu ikitiwa mapema huweza kuzuia kidonda.
3. Kitu kikichoma jicho na kubaki humo, usikivute. Lifunike jicho bila kulikandamiza, uende hospitali.
4. Dawa ya shamba ikiingia jichoni, osha papo hapo. Fumbua kope, umiminie maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Kisha nenda hospitali pamoja na karatasi ya dawa hiyo.

Kinga ni bora

Vaa kofia pana na miwani ya kukinga macho. Unaponyunyizia dawa, upepo uwe mgongoni. Usifute jasho kwa mkono wenye dawa. Watoto wakae mbali na mahali pa kupura.

Labda utasema, "Zahanati iko mbali, na mavuno hayangoji." Ni kweli. Lakini mavuno yaliyobaki shambani siku moja, ndugu zako wanaweza kukusaidia kuyavuna kesho. Jicho lililopotea kwa kuchelewa, hakuna wa kukurudishia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mkwaruzo mdogo wa jani ni hatari?
2. Katika kijiji chetu watu hutia nini jichoni wanapoumia? Je, inafaa?
3. Utafanya nini dawa ya wadudu ikiingia jichoni?