Kabureta Kubwa Si Lazima Iwe Bora

Ukikaa barazani na vijana wapendao pikipiki za kupandia milima na kuvukia mchanga, hutakawia kusikia mazungumzo yakigeukia kabureta. Huyu atakwambia ameng'oa ya zamani akatia kubwa zaidi, na yule atamuuliza ni milimita ngapi, kama watu waulizanavyo bei ya ng'ombe. Aghalabu hakuna aulizaye swali la tatu, nalo ndilo lenye maana: je, injini yenyewe yahitaji hewa kiasi gani? Swali hilo lisipojibiwa hugharimu pistoni na silinda, na pengine mguu wa mpandaji. Kwa hivyo si vibaya leo tukilizungumza kwa utaratibu.

Kwanza tubainishe. Boda boda zilizojaa Likoni na Kongowea karibu zote ni za injini ya mipigo minne, na maneno haya hayazihusu sana. Tunazungumzia injini ya mipigo miwili, ile yenye mlio mkali na moshi wa samawati. Ndani yake moto huwaka kila krenki inapozunguka mara moja, ilhali katika ile ya mipigo minne huwaka baada ya mizunguko miwili. Ndiyo sababu ina nguvu nyingi kwa udogo wake, na ndiyo sababu joto huipanda upesi. Wasomaji wa makamo watazikumbuka Yamaha za jamii ya DT, zilizotokana na DT-1 ya cc 250 iliyotolewa mwaka 1968. Hizo ndizo zilizokuwa zikipandwa na maafisa wa kilimo na wa afya kuingia vijijini ambako gari halifiki.

KAZI YAKE NI KUPIMA

Wengi hudhani kabureta hutia nguvu. Sivyo. Kabureta hupima tu: hewa kiasi hiki, petroli kiasi hiki. Nguvu hutoka katika moto, na moto mwema hutoka katika kipimo chema.

Mwaka 1738 mwanachuoni Daniel Bernoulli aliandika kwamba maji yakienda mbio msukumo wake hupungua. Mwaka 1797 Giovanni Battista Venturi, Mtaliani, akaeleza yatokeayo maji yapitapo penye ubano. Jambo hili halina ugeni kwetu sisi watu wa pwani. Aliyepita Mkanda kwa chombo, baina ya Manda na bara, ajua kuwa maji yakibanwa huenda mbio. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Ikifika kooni mwa kabureta hubanwa, hukimbia, na msukumo wake hushuka. Basi petroli iliyo bakulini chini hufyonzwa juu kupitia vitundu vyembamba, ikatawanyika kama manyunyu. Mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, waliandikisha hataza ya kabureta ya namna hiyo, na msingi wake ungali ni ule ule.

Mafundi wetu wamekwisha kuvipa viungo vyake majina. Kuna boya, lishikalo kimo cha petroli ndani ya bakuli. Kuna jeti ndogo, itawalayo injini inaponguruma taratibu. Kuna kilango kipandacho na kushuka kwa kamba ya aksileta, na chini yake sindano, ambayo hutawala tangu robo hadi robo tatu ya mfunguo. Mwisho kuna jeti kubwa, yenye amri wakati aksileta imefunguliwa hadi kikomo. Mtu asiyejua ni kiungo kipi kitawalacho wapi, hata akinunua kabureta ya dhahabu atakuwa anapapasa gizani.

KOO PANA NA KOO JEMBAMBA

Tuchukue mfano wa hesabu. Kabureta ya milimita 24 ikiondolewa na kutiwa ya milimita 28, tofauti ni milimita nne tu. Lakini eneo la koo huenda kwa mraba wa upana wake, kwa hivyo tundu limeongezeka kwa kama asilimia 36, yaani zaidi ya theluthi. Injini ni ile ile, na mzunguko unapokuwa mdogo huvuta hewa kiasi kile kile. Kooni hewa sasa huenda polepole, mvuto hupungua, na petroli hupanda kwa uvivu. Mpandaji akivuta aksileta ghafula kwenye tope, injini hukohoa kama mtu aliyepaliwa. Faida huonekana kule juu tu, mizunguko ikiwa mingi, na hapo pia ikiwa milango ya silinda na ekzosi vyaweza kuipokea hewa hiyo iliyozidi.

Ni kama jahazi. Tanga kubwa ni jema kwa chombo kilichoundwa kulibeba. Ukilitia kwenye mashua, upepo utakaoivusha nyingine utaipindua yako.

Waundaji wenyewe wameliona hili. KTM ya Austria, katika pikipiki zake za mipigo miwili za cc 250 na 300 za mwaka 2017, iliacha Keihin ya milimita 36 ikatia Mikuni ya milimita 38. Wapandaji wengi walilalamika kuwa inamwaga petroli kupita kiasi na ni ngumu kuirekebisha. Baadhi yao walirudia Keihin ile ndogo. Wengine walinunua Lectron, ambayo haina jeti za kawaida bali hupima kwa ufito uliochongwa upande mmoja. Na wako waliobadilisha sindano na jeti tu, wakatosheka. Tazama basi: kwa waliorudia Keihin, kuboresha kulikuwa kupunguza milimita mbili. Baadaye kampuni hiyo ilianza kutia mashine ya kunyunyizia petroli kwa umeme katika baadhi ya pikipiki hizo, lakini kabureta haikufa. Zingali pikipiki nyingi zinazoitegemea.

PALIPO NA HATARI

Petroli ikizidi, pikipiki hutoa moshi, hulowesha plagi na kula fedha. Hilo ni kero. Petroli ikipungua, hapo ndipo msiba ulipo. Moto huwa mkali, pistoni hutanuka, kisha hushika ukutani mwa silinda. Gurudumu la nyuma hufunga papo hapo, na mpandaji asiyewahi kukaza klachi hujikuta chini.

Katika injini nyingi za mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Kwa hivyo anayeinyima injini petroli huinyima na oili pia. Ndiyo maana kuteremka mlima mrefu kwa aksileta iliyofungwa, kama kutoka Wundanyi kushuka Mwatate, si salama kwa injini hizi: mizunguko ni mingi na oili ni haba. Yafaa kukaza klachi na kuvuta aksileta kidogo mara kwa mara.

Yamaha za DT zina njia nyingine. Pampu huleta oili kutoka tangi lake, na kamba ya aksileta hugawanyika mara mbili, tawi moja kabureta na la pili pampu. Katika baadhi ya miundo mrija wa oili huingia katika kabureta yenyewe. Sasa mtu akitia kabureta ngeni isiyo na tundu la mrija huo, oili itapita wapi? Na kamba ya pampu isipopimwa upya, itafunguka kwa kiasi gani? Haya huulizwa kabla ya kununua, si baada ya kuivunja injini.

Kisha kuna suala la kimo cha nchi, nalo linatuhusu hasa sisi wa huku chini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Fundi wa kule huchagua jeti ndogo inayofaa hewa ile. Pikipiki hiyo ikiletwa pwani hukutana na hewa nzito, na petroli iliyotosha jana leo haitoshi. Mwenyewe hufurahi kuona injini imechangamka, kumbe inaungua. Basi pikipiki iliyotoka bara ikaguliwe jeti kabla ya kukimbizwa.

NJIA YA KUFUATA

Kabla ya kununua, isafishe uliyo nayo. Kilango kilicholika, tundu lililoziba, boya lililotoboka au chujio chafu humfanya mtu adhani kabureta ni dhaifu. Tazama pia mpira uunganishao kabureta na injini. Ukirudisha aksileta na injini ikachelewa kutulia, yamkini kuna hewa inayoingia kwa wizi.

Ukiisha kuamua kubadilisha, jihadhari na bidhaa za kuigiza. Majina ya Keihin na Mikuni yamebandikwa kwenye vyombo vingi ambavyo havikutoka kwao, na jeti iliyoandikwa namba fulani yaweza kuwa na tundu la namba nyingine. Atakayepima kwa kipimo cha uongo hatapata jawabu la kweli.

Katika kurekebisha, anza na jeti iliyozidi, kisha ushuke ngazi kwa ngazi. Usianze na iliyopungua ukapanda. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uandike. Sindano ina vipingili vya kushikia klipu: ukiipandisha sindano, petroli huongezeka, ukiishusha, hupungua. Baada ya mwendo wa kasi, zima injini, fungua plagi na uitazame. Rangi ya chai ya maziwa ni dalili njema. Nyeupe ni onyo la petroli kupungua, na nyeusi iliyolowa ni ishara ya kuzidi. Petroli ya siku hizi haina risasi, na rangi zake hazisomeki wazi kama zamani, kwa hivyo plagi iwe shahidi mmoja miongoni mwa wengine: mlio, moshi, na jinsi injini inavyoitika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi hii daftari la shilingi chache laweza kumwokolea mtu silinda nzima. Fundi mwenye sifa si yule aliyetia kabureta pana kuliko wenzake. Ni yule ambaye pikipiki aliyoitengeneza huitika ikivutwa, hutulia ikiachwa, na humrudisha mwenyewe nyumbani jioni.