Kuchanganya Gesi za Kuzamia Nyumbani: Hesabu Ndogo, Hatari Kubwa

Katika kazi zote ambazo watu huzifanya katika banda la gari nyuma ya nyumba, ni chache zinazodai utulivu wa moyo kama hii ya kuchanganya gesi za mitungi ya kuzamia baharini. Huko Marekani wapenda mbizi kadha wa kadha waliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wala haikuwa kwa upuuzi. Maduka mengi yaliyokuwa yakijaza mitungi yalikataa katakata kuuza mchanganyiko walioutaka, na waliouogopa wakaubandika jina la gesi ya shetani.

Mchanganyiko wenyewe huitwa naitroksi. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Mzamiaji anaposhuka, maji humkandamiza, na naitrojeni huzidi kupenya katika damu na nyama za mwili wake. Akipanda kwa haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. Basi wataalamu waliona kwamba oksijeni ikiongezwa, naitrojeni hupungua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Dr. Morgan Wells, wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, aliweka taratibu za kuzamia kwa mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32. Mwaka 1985 Dick Rutkowski, aliyekuwa amefanya kazi katika idara hiyo hiyo, alianza kuwafundisha raia. Kwa mchanganyiko huo, mzamiaji aliye kina cha mita 30 huhesabiwa, kwa upande wa naitrojeni, kana kwamba yuko mita 24 na ushee.

Lakini oksijeni nayo ina sumu yake. Mfaransa Paul Bert alieleza jambo hilo mwaka 1878, na wanajeshi wakaja kulijua kwa uchungu katika Vita Kuu ya Pili, walipozamia kwa oksijeni tupu ili mapovu yasiwafichue kwa adui. Daktari Kenneth Donald wa jeshi la majini la Uingereza aliwapima wazamiaji wengi kuanzia mwaka 1942, akaona kwamba mtu huyo huyo aliyestahimili leo aweza kushikwa na kifafa kesho katika kina kile kile, pengine pasipo dalili yoyote ya kumwonya. Na kifafa chini ya maji ni kuzama. Ndiyo sababu wazamiaji wa kawaida hawapitishi mgandamizo wa oksijeni wa bar 1.4. Kwa asilimia 32 mpaka huo hufika katika mita 33 hivi, na kwa asilimia 36 hufika katika mita 28. Mchanganyaji aliyekosea hesabu huusogeza mpaka huo juu bila mwenye mtungi kujua.

Njia ya kwanza ya kuchanganya ni kutia oksijeni tupu kwanza katika mtungi mtupu, kisha kujaza hewa juu yake. Anayetaka asilimia 32 katika mtungi wa bar 200 hutia oksijeni bar 28 hivi, na zilizosalia huwa hewa. Hesabu ni ya darasani; hatari imo katika kuitenda. Oksijeni yenyewe haiwaki, bali huvifanya vitu vingine viwake kwa ukali usio wa kawaida: mafuta, vumbi, mpira, hata chuma. Atakayeziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole na kusukuma kwa nguvu atahisi joto. Joto la namna hiyo, likizaliwa ghafula ndani ya bomba lenye tone la mafuta na oksijeni nyingi, latosha kuwasha moto. Kwa hiyo mtungi, koki na mabomba hutenganishwa na kuoshwa mpaka pasibaki uchafu. Mipira ya kuzibia na grisi huwa za aina maalumu. Koki za kufunguka kwa mkupuo hazitumiki. Na oksijeni huingizwa polepole, isizidi bar 5 kwa dakika. Hata hewa inayofuata sharti iwe imechujwa mafuta yake yote. Mwenye mikono iliyotoka kukaanga samaki hana kazi hapo.

Kwa kuiogopa oksijeni tupu yenye mgandamizo mkubwa, wengine waliunda bomba la kuchanganyia. Ni bomba pana la plastiki lililopangwa vizuizi ndani yake, likafungwa kwenye mdomo wa kuvutia hewa wa kompresa. Oksijeni hutiririka humo kwa kiasi kidogo, ikavurugika pamoja na hewa kabla ya kuingia mashineni. Kompresa inayovuta lita 100 kwa dakika huhitaji oksijeni lita 14 kati ya hizo ili kupata asilimia 32. Chombo kidogo ni rahisi, lakini kompresa ina mafuta ndani, na kwa sababu hiyo wachanganyaji hawathubutu kupita asilimia 40. Wengi husimama chini zaidi. Kompresa ikisimama, oksijeni hufungwa papo hapo, maana ikiendelea kutiririka hujikusanya ndani ya mashine.

Wenye nyumba nao wana haki ya kuuliza maswali. Banda lililojaa oksijeni iliyovuja si mahali pa sigara wala jiko, na nguo iliyolowa gesi hiyo huwaka kwa cheche moja. Tena injini ya petroli ikiwa karibu, moshi wake huvutwa na kompresa, ukaingia mtungini na sumu isiyo na harufu, ambayo huzidi makali kadiri mzamiaji anavyoshuka.

Mtungi uliojazwa kwa njia ya kwanza huachwa saa kadhaa ili gesi zichanganyike sawasawa. Kisha hupimwa kwa kipimaoksijeni ambacho kimelinganishwa kwanza na hewa safi, kisome asilimia 20.9. Mchanganyaji hupima, na siku ya kuzamia mzamiaji hupima tena mwenyewe, hata kama mchanganyaji ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwenye utepe uliobandikwa shingoni mwa mtungi huandikwa asilimia iliyosomwa, kina cha mwisho, tarehe na jina la aliyepima.