Nafasi, Alama na Njia ya Kwingineko: Istilahi Tatu za Mitandao ya Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kujadili istilahi tatu zinazohusu upelekaji wa habari katika mitandao ya kompyuta. Tumezichagua kwa sababu zisipotafsiriwa kwa uangalifu, hasara yake si Kiswahili kibaya tu. Mtumishi aliyekabidhiwa mitambo huweza kuiamuru kinyume cha alivyokusudia.

Yafaa kwanza tuieleze dhana yenyewe. Ruta ni chombo kinachopokea pakiti za habari na kuamua zipelekwe wapi, kwa kufuata jedwali la njia. Baadhi ya njia hizo huandikwa na fundi mwenyewe. Nyingine ruta huzipata kwa majirani zake kwa itifaki kama RIP, OSPF na BGP. Pakiti inapofika, ruta huchagua njia inayotaja kikomo cha safari kwa udhahiri zaidi. Ndivyo afanyavyo karani wa posta: akiwa na kisanduku cha Moshi na kingine cha Mkoa wa Kilimanjaro, barua ya Moshi huitia katika kile cha Moshi. Barua isiyo na kisanduku chake huiweka katika kile cha “kwingineko”.

Kisanduku hicho cha mwisho ndicho Kiingereza kinachokiita “default route”. Katika jedwali huandikwa 0.0.0.0/0, yaani anwani yoyote. Mfasiri huweza kuvutwa na “njia kuu”, lakini njia hii ndiyo ya mwisho kufikiriwa. “Njia ya akiba” nayo haifai, kwa kuwa njia hii haingojei nyingine iharibike. Hutumika kila siku. Kwa hiyo tunapendekeza “njia ya kwingineko”.

Istilahi ya pili na ya tatu hutokana na neno “preference”. Vyanzo viwili vikitangaza njia za kufikia mahali pale pale, ruta iamini kipi? Kila chanzo hupewa namba. Katika ruta za Cisco, njia iliyoandikwa na fundi hupewa 1, ya OSPF 110 na ya RIP 120. Namba ndogo hushinda. Cisco huita namba hiyo umbali, ingawa hakuna umbali unaopimwa. Juniper huiita upendeleo. Lakini BGP nayo ina upendeleo wake, unaotumika ndani ya mtandao wa mwenye ruta, na huko namba kubwa ndiyo hushinda.

Tukiziita zote “upendeleo”, msomaji hatajua aongeze au apunguze. Tuchukue ofisi yenye njia mbili za kwingineko: moja ya kasi, iliyoletwa na OSPF, na nyingine ya setilaiti, iliyoandikwa na fundi ili itumike ya kasi ikikatika. Katika ruta ya Cisco, njia ya setilaiti ikiachiwa namba yake ya 1, itaishinda ile ya 110, na habari zote zitapita polepole. Fundi hana budi kuipa namba inayozidi 110, tuseme 200. Mwongozo ukimwambia “punguza upendeleo wa setilaiti”, atapunguza namba, na kosa litabaki pale pale.

Suluhisho tunalo katika ripoti ya shule. Mwanafunzi mwenye alama nyingi hupata nafasi ya kwanza. Alama kubwa ni bora, na nafasi ndogo ni bora. Kwa hiyo namba ya kuaminiwa kwa chanzo tuiite “nafasi ya chanzo”, na ile ya BGP tuiite “alama ya ndani”. Neno lenyewe litamwongoza mtumiaji.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao. Istilahi njema ni ile inayomzuia msomaji asikosee.