Baiskeli Nazo Zipewe Njia

Aprili 24, 1932, mamia ya vijana kutoka Manchester na miji ya jirani waliupanda mlima Kinder Scout bila ruhusa. Wenye ardhi waliitenga kwa kuwinda ndege, na mtembeaji alifukuzwa na walinzi. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Alifungwa pamoja na wenzake wanne. Mwaka 1951 mlima huo ukaingia katika Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa ya Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 ikampa mtembeaji haki ya kuzunguka kwenye nyika za wazi.

Mwenye baiskeli haki hiyo hakuipata. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1968 ilimruhusu kutumia njia za farasi, mradi awapishe watembeaji na wapanda farasi. Njia za miguu, ambazo ndizo nyingi, hakupewa. Kwa England, haki yake inafikia takriban asilimia 22 tu ya njia za umma. Mara nyingi njia ya farasi hugeuka ghafla ikawa ya miguu, ingawa upana ni uleule na udongo uleule. Hapo inabidi arudi barabarani, abanane na malori.

Wanaopinga wana hoja. Magurudumu huchimba udongo mbichi, na anayeshuka kwa kasi anaweza kumgonga mtoto. Lakini hayo yana dawa. Katika mlima Yr Wyddfa, Wales, waendesha baiskeli wamekubali kutopita kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni, kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30, wakati watembeaji ni wengi. Scotland imeruhusu baiskeli karibu kila mahali kwa sheria ya mwaka 2003, kwa sharti la uangalifu. Na waliofika Hell's Gate, karibu na Naivasha, wanajua kwamba huko watu huendesha baiskeli katikati ya pundamilia.

Hatuombi kila njia. Tunaomba zile pana na ngumu zifunguliwe, zifungwe zikilowa, nasi tupunguze mwendo, tupige kengele na tushiriki kuzikarabati. Hifadhi za England zina mabaraza ya ushauri kuhusu njia, na mikutano yake iko wazi kwa umma. Wenzangu wenye baiskeli, twendeni tukasikike.