Hamisha, nakili au kabidhi? Diski ya mashine pepe inapobadilisha seva

Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri, mzaliwa wa Kigwa mkoani Tabora, aliletewa mwongozo wa mafundi wa kompyuta. Ulieleza jinsi mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, inavyotolewa katika seva moja na kupelekwa katika nyingine bila kuzimwa. Akaandika: "Hamisha mashine pamoja na faili la diski." Sentensi haina kosa la sarufi. Fundi aliyeifuata alilichukua faili wakati mashine ikiendelea kuliandika, akaiwasha mashine upande wa pili kwa nakala isiyo kamili, kisha akafuta faili la awali. Kazi ya siku mbili ikapotea.

Tatizo ni kitenzi. Hamisha ni kauli ya kutendesha ya hama: kitu huacha kilipokuwa na kuanza kukaa pengine, kama mtumishi aliyepewa barua ya uhamisho. Lakini katika mitambo mingi faili la diski halihami. Limo katika hifadhi ya pamoja ambayo seva zote mbili huifikia kwa mtandao. Kinachosafiri ni yaliyomo katika kumbukumbu ya mashine pamoja na hali ya kichakataji na vifaa vyake. Kwa upande wa diski, kinachobadilika ni mwenye haki ya kuiandika.

Makabidhiano hayo yana utaratibu. Seva ya awali huisimamisha mashine kwa muda mfupi sana, humalizia kuandika diskini kila kilichokuwa kikisubiri, kisha huliachia faili. Seva pokezi, ambayo huenda ililifungua faili mapema, haipaswi kuamini ilichokisoma hapo kwanza. Hukitupa na kusoma upya ndipo iendelee. Seva mbili zikiandika kwa wakati mmoja, diski huharibika. Ndiyo maana programu huria ya QEMU, tangu toleo la 2.10 la mwaka 2017, huliwekea faili kufuli ili mwandishi wa pili azuiwe.

Kitenzi kinachofaa hapa, basi, ni kabidhi. Nilimkumbusha mwanafunzi historia ya kwao. Kigwa ilikuwa kituo katika njia ya misafara kati ya Rubuga na Unyanyembe. Stanley alipita hapo mwaka 1871. Tabora, wapagazi waliotoka pwani mara nyingi waliagana na msafara, na wengine wakaajiriwa kuendelea kuelekea Ujiji. Mzigo ulikuwa uleule. Bega ndilo lililobadilika. (Mpagazi anatokana na pagaa, kuchukua mzigo begani.) Tofauti ni kwamba mzigo wa mpagazi uliweza kutuliwa chini ukasubiri hadi asubuhi, ilhali diski ya mashine inayofanya kazi haipewi usiku wa kupumzika.

Nakili nayo ina mahali pake. Pasipokuwa na hifadhi ya pamoja, yaliyomo diskini hunakiliwa kwa mtandao huku programu ikiweka kumbukumbu ya sehemu zilizoandikwa upya, ili zipelekwe tena. Hapo ndipo diski huhama kweli, lakini baada ya kunakiliwa, na chini ya usimamizi wa programu yenyewe.

Nisingependekeza uhamishaji hai: hai ni kinyume cha -fu, na msomaji atawaza viumbe. Mubashara imeshatwaliwa na watangazaji. Uhamishaji bila kuzima ni mrefu, lakini hauhitaji tanbihi. Taswira ya diski inafaa wataalamu. Kwa wengine faili la diski latosha, kwani taswira humfanya mtu aulize taswira ya nini, na mara nyingi diski halisi ya kufananishwa nayo haipo. Kuhusu mashine pepe sina ugomvi, japo mkulima anayejua kuwa pepe ni punje isiyo na kiini anaweza kutabasamu.

Sentensi ya mwanafunzi sasa inasomeka: "Hamisha mashine bila kuizima, faili la diski libaki lilipo, na seva ya awali iikabidhi seva pokezi haki ya kuliandika."