Soko Linapobisha Hodi

Mwezi huu tulitoka kambini tukaenda Kyebando, tarafa ya Kawempe, Kampala, kuwasalimia ndugu zetu wa mjini.

Soko la Kalerwe liko jirani, tena bei yake nafuu. Lakini mama mwenye watoto watatu na kibarua cha kufua nguo ataenda saa ngapi? Basi jikoni ilikuwa posho na maharage tu.

Siku hizi anasubiri kengele ya baiskeli. Asubuhi mchuuzi anachukua mzigo Kalerwe: dodo, nakati, nyanya, mapapai. Halafu anapita vichochoroni, mlango kwa mlango. Mama alituambia hana friji, kwa hiyo ananunua fungu moja na linaisha leo leo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Dodo ina vitamini A na madini ya chuma, yale yanayojenga damu. Ioshe kabla ya kukata, usiipike mno, kamulia limau: linasaidia mwili kupokea chuma.

Ila kazi ya mchuuzi haina uhakika. Januari 2022 wachuuzi wa barabarani waliondolewa katikati ya jiji. Na mvua ikinyesha sana, Kyebando hujaa maji, kengele haisikiki, watoto wanarudia posho kavu.

Kwa hiyo mama ameotesha dodo kwenye gunia pale nje. Nasi huku kambini, magunia si tunayo?