Simu yenye OIS: je, uuze mbuzi ili uipate?

Msikilizaji wetu mmoja alituma ujumbe wa sauti baada ya kipindi cha kilimo. Mahindi yake yalikuwa yameshambuliwa na wadudu, na kila jioni akitoka shambani alipiga picha ya jani na kumtumia afisa ugani kwa WhatsApp. Afisa akawa anamjibu neno moja tu: "Chenga." Akaenda mjini kutafuta simu nyingine. Muuzaji akamwambia simu yake haina OIS, na bila OIS hakuna picha. Simu yenye OIS ipo, lakini ili atimize bei inabidi auze mbuzi wawili. Swali lake lilikuwa fupi: "Mtangazaji, niuze?"

Hewani nilimwambia asubiri kwanza. Dakika zilikuwa zimeisha, kwa hiyo maelezo kamili ni haya.

Kamera ya simu haipigi picha papo hapo kama tunavyodhani. Ukibonyeza, inakusanya mwanga kwa muda fulani. Ni kama sufuria uliyoiweka chini ya paa kukinga maji: mvua kubwa inaijaza mara moja, manyunyu yanakuchelewesha. Jua la saa sita mchana linaweza kuitosheleza kamera kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, na muda huo hautoshi mkono kutikisika. Saa kumi na mbili na nusu jioni, au ndani ya nyumba yenye taa moja, kamera inaweza kuhitaji sehemu ya kumi na tano ya sekunde, au zaidi. Hapo hata kupumua kwako kunaonekana kwenye picha.

OIS inafanya kazi hapo. Ndani ya simu kuna kifaa kidogo kinachohisi simu inainamia wapi. Kikihisi mkono umekwenda kulia, sumaku na koili ndogo zinaisukuma lenzi upande wa pili ili picha ibaki mahali pake. Mama aliyejitwika ndoo ya maji anafanya vivyo hivyo: miguu inapita kwenye mashimo, shingo inarekebisha, maji hayamwagiki. Teknolojia hii si ngeni. Nokia Lumia 920 ilikuwa nayo mwaka 2012, ikiwa miongoni mwa simu za kwanza. Mwaka 2014 Apple waliiweka kwenye iPhone 6 Plus, wakaiacha kwenye iPhone 6 ya kawaida.

Sasa shika neno hili, maana wauzaji wengi hulipita: OIS inatuliza mkono wako, haitulizi unachokipiga. Mtoto anayecheza ngoma, mbuzi anayekimbia, jani la muhindi linalopeperushwa na upepo, vyote vitatoka na ukungu hata kwenye simu ya bei kubwa kama mwanga ni hafifu.

Na je, simu isiyo nayo haifai? Simu ya kwanza ya Google Pixel, iliyotoka 2016, haikuwa na OIS, na bado kamera yake ilisifiwa sana. Ilikuwa inapiga picha kadhaa za haraka, kisha programu inaziunganisha kuwa moja safi. Lakini mwaka uliofuata, Pixel 2 ikaja na OIS. Hilo linatosha kutuonyesha kwamba kitu hiki si lazima, ila kinasaidia.

Nilimwomba msikilizaji wetu anitumie zile picha. Zilikuwa za jioni, jua limeshazama. Tena simu ilikuwa karibu kuligusa jani, na kamera nyingi za simu hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko upana wa kiganja. Kioo cha lenzi nacho kilikuwa na vumbi na jasho la mfukoni. Kati ya makosa hayo matatu, OIS ingesaidia la kwanza tu.

Nikamwambia apige saa tatu asubuhi, afute lenzi kwa kitambaa laini, arudi nyuma kidogo, na mtu mwingine amshikie jani. Viwiko avibane mbavuni. Kama simu ina taima, aiweke sekunde tatu, kwa sababu kule kubonyeza tu kunaitikisa simu. Picha aliyopiga ilionyesha matundu kwenye majani na kinyesi kama maranda katikati ya majani machanga. Afisa ugani akatambua viwavijeshi vamizi, kwa simu ileile.

Sisemi OIS ni ya kupuuza. Mimi hurekodi video za mikutano ya vijiji ambayo mara nyingi huisha giza limeingia, na kwa kazi hiyo sirudi tena kwenye simu isiyo nayo. Kama unapiga picha za harusi ukumbini, au unarekodi video huku unatembea na unalipwa kwa hiyo kazi, ongezea hela. Zipo pia simu zinazotuliza video kwa programu peke yake, yaani EIS. Hizo hukata kingo za picha ili kuficha mtikisiko. Kwa video ya mchana zinatosha, lakini picha moja ikishatoka na ukungu, EIS haiwezi kuusafisha.

Ndugu zangu wa bodaboda, hili ni lenu. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu sehemu hizi zinazochezesha lenzi, wakashauri iPhone isifungwe kwenye pikipiki za aina hiyo. Kwa pikipiki ndogo walisema utumie kishikio kinachopunguza mtetemo, na usikae nayo hapo kwa muda mrefu mara kwa mara. Sumaku na koili zinafanana kwenye simu nyingine zenye OIS, kwa hiyo simu ya hela nyingi ni heri ikae mfukoni kuliko kwenye usukani.

Ukiamua kununua, usiridhike na maandishi "AI" au megapikseli nyingi kwenye boksi. Tafuta herufi OIS zenyewe, kisha uliza ni kamera ipi inayo, kwa sababu mara nyingi ni ile kubwa ya nyuma tu, ya selfi haina. Halafu nenda kwenye kona yenye giza ya duka, piga picha ya maandishi madogo kwa mkono mmoja, uikuze. Muuzaji akikukataza kujaribu, toka nenda duka la pili.